Omaha hadi Salt Lake City: kulituliza gari-nyumba kwenye upepo wa ubavuni

Jumamosi: Omaha hadi Kearney

Leo Nebraska upepo unavuma kutoka kusini, nasi tunakwenda magharibi kwa barabara kuu ya I-80. Umetupiga ubavuni kutwa nzima. Kati ya Lincoln na Grand Island barabara imenyooka karibu maili 72, kama kilomita 116, bila kona ya maana. Mahali kama hapo usukani unatakiwa utulie mkononi. Wetu haukutulia hata kidogo.

Gari letu ni motohomu ya futi 34, yaani mita 10.4: bodi ya sanduku iliyokalia chesisi ya lori, injini ya petroli mbele. Tuko wanne. Mimi na mume wangu tunapokezana kuendesha. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Pangani, na tunampeleka Salt Lake City akamwone mwanawe mkubwa. Wa nne ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye kazi yake ni kuendesha semi-trela na safari hii yuko likizo. Nilimwomba aje kwa sababu mbele yetu kuna Wyoming, na sikutaka kumpitisha mama Wyoming kwenye gari linaloyumba namna hii.

Shemeji alikaa kiti cha pembeni saa mbili nzima bila kusema neno, akiangalia mikono yangu. Kisha akauliza, "Shemeji, lori likikupita, unasukumwa kwanza au unavutwa kwanza?"

Nikamwambia nasukumwa kando, halafu navutwa kuelekea kwenye lori, halafu mkia unajitupa peke yake baada ya lori kwisha kupita.

"Huo mkia ndio wa kuufanyia kazi," akasema.

Jioni pale Kearney tulitoa futi kamba. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ni mita 5.3, yaani nusu ya gari na ushee kidogo. Nyuma ya ekseli ya nyuma zimebaki mita 4 za nyumba zinazoning'inia hewani: kitanda, kabati, tanki la maji. Mita 4 hizo ni mkono mrefu. Upepo ukiushika, unaizungusha gari juu ya ekseli ya nyuma na tairi za mbele zinalazimika kupambana. Urefu kati ya ekseli hauwezi kubadilishwa barabarani, lakini kilichopakiwa kwenye zile mita 4 kinaweza.

Mama alipomaliza swala ya magharibi alitoka akawaona korongo wa mto Platte wakirudi kulala kwenye maji ya kina kifupi. Makundi ya mwisho ya msimu, makubwa hata hivyo. Alisimama akiwatazama mpaka baridi ikamrudisha ndani.

Jumapili: Kearney hadi North Platte

Asubuhi tulikwenda kwenye mizani ya kituo cha malori, tairi za mbele kwenye bamba moja na za nyuma kwenye bamba jingine. Karatasi inatoka kwa pauni. Hapa nimeigeuza kuwa kilo. Mbele 2,640. Nyuma 5,310. Jumla 7,950, ambayo iko ndani ya kikomo cha chesisi, na ndiyo maana watu wengi wangeishia hapo wakaridhika. Ila ukigawanya utaona mbele kuna theluthi moja tu ya uzito. Tairi zinazoelekeza gari lote zimekanyagwa kidogo mno.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Baba yake alikuwa nahodha, na utoto wake wote ameuona mto Pangani ukijaa majahazi. Akauliza, "Sasa mwanangu, farumi yenu mmeiweka wapi?" Nikamwonyesha nyuma, chini ya kitanda. Akatikisa kichwa. "Jahazi likilemewa tezi, omo inaelea juu. Upepo unaipeleka unakotaka wenyewe."

Farumi ni mzigo wa kukituliza chombo, tezi ni nyuma yake, omo ni mbele. Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Kwa gari ni hivi: unapokwenda mbele na upepo ukija kwa pembe, nguvu yake haitui katikati ya ubavu, inatua mbele zaidi, karibu na pua. Kama kitovu cha uzito kiko nyuma sana, pua inasukumwa upande wa demani, upepo unakoelekea, na gari linageuka kuukimbia upepo. Ukisogeza uzito mbele unapata mambo mawili kwa mpigo: kitovu cha uzito kinakaribia mahali upepo unapogonga, na tairi za mbele zinaishika lami vizuri zaidi.

Kwa hiyo tukafanya kazi. Tanki la maji safi lilikuwa na lita 190, nalo liko mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo 190 mara mita 2, gawanya kwa 5.3, utaona maji yale yalikuwa yanainua kilo 72 kutoka kwenye tairi za mbele. Tukayamwaga, tukabakiza ndoo za kupikia na kutawadhia. Boksi la spana, jeki, katoni za maji ya kunywa na viti vya kukunja, kama kilo 120, vilikuwa kwenye kasha la mwisho kabisa la mkia. Tukavihamishia kwenye makasha ya chini ya sakafu, katikati ya ekseli mbili, chini kabisa na kufungwa kamba. Vyungu vya mama tulivishusha kutoka kabati la juu, kwa sababu mzigo wa juu unaongeza kulala kwa bodi. Ikatuchukua mpaka adhuhuri.

Tukarudi kwenye mizani: mbele 2,860, nyuma 4,900. Mbele sasa kuna karibu asilimia 37 ya uzito, na bado tuko chini ya kikomo cha ekseli ya mbele kilichoandikwa kwenye bamba la mlangoni. Hiki ni kitu cha kuangalia kabla ya kusogeza chochote, maana ekseli ya mbele nayo inaweza kuzidiwa.

Hadi North Platte upepo ulikuwa uleule wa kusini. Tofauti niliihisi ndani ya nusu saa. Gari bado linalala, bado mkia unajitupa lori likipita, lakini pua haikimbii tena. Hatujanunua hata nati moja.

Jumatatu: North Platte hadi Sidney

Tairi hupimwa asubuhi zikiwa baridi, kabla jua halijazipiga na kabla gari halijasogea. Mtu aliyetuuzia gari alikuwa anazijaza psi 110 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa), namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na sisi tuliendelea hivyo kwa kumfuata. Ile namba ni kipimo cha kubeba uzito wa juu kabisa ambao tairi inauweza. Tairi iliyojazwa kupita mzigo wake inavimba katikati, inagusa lami kwa utepe mwembamba, na inatangatanga. Kipimo sahihi kinatoka kwenye jedwali la mtengenezaji wa tairi: unaingia na uzito wa ekseli, unatoka na psi. Kwa uzito wetu mpya, tukiongeza kidogo kwa usalama, mbele ilitoka 85. Tairi mbili za ekseli moja hupewa kipimo kimoja, kwa kufuata upande ulio mzito. Na kwenda chini ya jedwali ni hatari kubwa kuliko kuyumba, kwa sababu tairi laini inapata moto na kupasuka.

Tukaenda na kurudi kipande kifupi cha barabara kabla ya kugusa kitu kingine. Shemeji ana msimamo kuhusu hili, nami nakubaliana naye kabisa: badilisha kitu kimoja, endesha, ndipo ubadilishe kingine. Ukifunga vifaa vinne siku moja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekula pesa bure.

Baada ya tairi, gereji ya malori. Fundi alipima elaimenti, yaani mwelekeo na mlalo wa magurudumu, akakuta magurudumu ya mbele yamefunguka nje kidogo, na kasta iko digrii mbili na nusu. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Juu ukilalia nyuma, tairi inagusa ardhi nyuma ya mstari wa mhimili huo, na mwendo wenyewe unaivuta inyooke. Kasta ikiwa ndogo usukani hauna pa kurudi. Kila upepo ukigusa, ni wewe unayerudisha. Ekseli yetu ya mbele ni chuma kimoja kinachokaa chini ya springi za bapa, kwa hiyo kasta huongezwa kwa kupenyeza kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Fundi akaifikisha digrii nne na nusu na kuyaelekeza magurudumu ndani kidogo sana. Aliangalia pia boljointi na tairodi, viungo vya magurudumu na usukani, kabla ya kupima, na hapo ndipo unapomjua fundi anayejua kazi, kwa kuwa elaimenti juu ya boljointi iliyolegea haina maana.

Nilitoka pale nikaachia usukani kidogo kwenye eneo tupu. Ukarudi katikati wenyewe. Umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha, jambo ambalo halinisumbui.

Jioni Sidney shemeji akavaa ovaroli. Stabilaiza ni fimbo nene inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia wa ekseli na chesisi. Bodi ikitaka kulala upande mmoja, fimbo inalazimika kujinyonga, na ukaidi wake ndio unaoizuia bodi. Kwenye chesisi ya aina yetu mikono ya fimbo ina matundu mawili, na kiwandani linki, vyuma vifupi vinavyoishikilia fimbo, zilifungwa kwenye tundu la nje. Ukizihamishia tundu la ndani, mkono unakuwa mfupi na fimbo inakuwa ngumu zaidi bila kununua kitu. Gari likae sehemu tambarare, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu, breki ya mkono imefungwa na kabari mbele na nyuma ya tairi. Fungua bolti, sogeza, kaza kwa kipimo. Mbele na nyuma ilikuwa kazi ya saa moja na nusu. Bushi mbili za mpira zilikuwa zimekakamaa na kupasuka, tukaweka mpya.

"Kesho ukipanda ukingo wa kituo cha mafuta utanilaumu," shemeji akasema. Ni kweli kwamba fimbo ngumu hurusha gari zaidi gurudumu moja linapopanda. Nimechagua hivyo nikijua.

Jumanne: Sidney hadi Laramie

Kupanda kutwa. Cheyenne, kisha kilele cha Sherman chenye mita 2,633, mahali pa juu kuliko pote kwenye I-80 kutoka bahari hadi bahari. Mume wangu ndiye aliyeendesha. Malori yalipotupita bodi ililala mara moja na kusimama, badala ya kuyumba mara tatu nne kama Jumamosi. Mkia bado unahama.

Ubao wa umeme wa Laramie ulikuwa unawaka: barabara kuelekea Rawlins imefungwa kwa magari mepesi na marefu kwa kimo, kwa hatari ya kupinduliwa na upepo. Tukaingia kambi ya magari, tukalala.

Jumatano: Laramie

Bado imefungwa. Mama hakuelewa kwa nini tunakaa wakati mbingu ni ya buluu na jua linawaka. Nikamtoa nje kwa dakika moja akiwa amenishika mkono, akarudi akasema, "Tukae."

Tuliegesha pua ikiutazama upepo, upande wa kusini-magharibi, tukarudisha ndani vyumba vya kusukuma, tukashusha miguu ya jeki na kukunja turubai. Nikaketi na karatasi. Ubavu wa gari letu ni kama mita za mraba 30. Kwenye kimo cha Laramie hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, lakini upepo wa kilomita 72 kwa saa ukiupiga ubavu huo moja kwa moja unausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 600. Upepo wa nusu yake, kilomita 36, unasukuma kwa kilo 150 tu. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Hii ndiyo sababu siku yenye upepo "wa kawaida" inaweza kuendeshwa na siku inayofuata haiwezi, hata kama kwa macho hazitofautiani, na hakuna kabari wala stabilaiza inayofuta hesabu hiyo.

Kipande cha mbele yetu kina historia yake. Barabara ya zamani ya US 30 na reli huzunguka kaskazini, kupitia Rock River na Medicine Bow. I-80 ilikatishwa kusini, kandokando ya mlima Elk, na kufunguliwa Oktoba 1970, ingawa wenyeji walikuwa wameonya kuhusu upepo na theluji ya huko. Mlima na mapengo yake hubana upepo na kuuongeza kasi. Tena barabara ikitoka Laramie inaelekea kaskazini-magharibi, na upepo mkuu wa huku hutoka kusini-magharibi, hivyo unakuja ubavuni kamili. Huko Foote Creek Rim, juu ya Arlington, wameweka mitambo ya umeme wa upepo tangu miaka ya 1990. Walipachagua vizuri.

Mchana shemeji aliingia chini ya gari, nami na mume wangu tukasimama nyuma tukilisukuma bamba la nyuma kushoto na kulia. Akapiga kelele tuje tuone. Ekseli imetulia, lakini bodi inahama kando juu yake, sentimita moja na zaidi, kwa sababu springi ndefu za bapa zinapinda ubavuni na bushi zake zinaruhusu. Huu ndio mkia unaojitupa. Upepo unaihamisha bodi, springi zinairudisha, na ekseli nayo inajipinda kidogo na kuyaelekeza magurudumu ya nyuma pembeni bila dereva kugusa kitu. Dawa yake ni fimbo ya Panhard: chuma kinachokaa kukatisha gari, ncha moja kwenye ekseli na nyingine kwenye chesisi. Inaacha ekseli ipande na kushuka, inazuia isihame kando. Tumeagiza ipelekwe Salt Lake City.

Tulibishana kuhusu dampa ya usukani, kifaa kama shokapu kinachozuia usukani usirushwe ghafla. Shemeji anaipenda, anasema tairi ya mbele ikipasuka inakupa nafasi ya kulishika gari. Hoja yake nzuri. Mimi nasema ikifungwa kabla ya mambo mengine inaficha kasoro: mikono inapumzika huku ekseli na boljointi zinaendelea kuharibika. Tumekubaliana itakuwa ya mwisho kwenye orodha.

Alhamisi: Laramie hadi Rock Springs

Saa kumi na mbili asubuhi ubao ulikuwa umezimwa. Upepo wa karibu kilomita 35 kwa saa, mikupuo yake ya ghafla ikifika 55. Mara nyingi huzidi mchana jua linapoikoroga hewa, kwa hiyo tuliondoka bila kungoja chai. Tungeweza kupita Medicine Bow; kama mikupuo ingekuwa zaidi ya hapo, tungefanya hivyo.

Niliendesha mimi, maili 50 kwa saa, kilomita 80, huku malori yakitupita. Sikuona haya. Ukipunguza mwendo unapata muda zaidi wa kurudisha kabla hujavuka mstari, na kila unachokosea kwa mkono kinakuwa kidogo.

Kusoma upepo ni kazi ya macho. Angalia majani kando ya barabara, angalia trela la lori lililo mbele linapoanza kulala, na jiandae unapokaribia kutoka kwenye kipande kilichochimbwa kwenye kilima au mwisho wa daraja, kwani hapo ulikuwa umekingwa na sasa hukingwi. Karibu na Arlington tulitoka nyuma ya ukingo wa ardhi na mkupuo ukatugonga upande wa kushoto. Bodi ikalala, ikasimama. Niliurudisha usukani kidogo, nikautuliza, na gari likabaki ndani ya mistari. Kosa linalowapeleka watu mtaroni ni kuzungusha usukani kwa nguvu, kisha mkupuo unakatika ghafla na gari linaruka upande wa pili.

Mama alikuwa amefunga mkanda kwenye kochi, tasbihi mkononi. Rawlins tulinywa chai. "Leo mmelipakia," akasema, na kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kutoka hapo barabara inaelekea magharibi zaidi na upepo ukawa wa mbele kwa pembe. Unakula petroli, hauyumbishi sana.

Ijumaa: Rock Springs hadi Salt Lake City

Siku nyepesi. Evanston, mpaka wa Utah, halafu mteremko mrefu wa Parleys Canyon kwa gia ya chini. Shemeji mkubwa alikuwa ametandika jamvi uani.

Jumamosi: Salt Lake City

Fimbo ya Panhard ilikuwa imetutangulia. Kuifunga kunataka bolti zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake halisi kwenye kimo chake cha kawaida, na fimbo iwe karibu mlalo, la sivyo ekseli itavutwa kando kila springi inapobonyea. Wanaume watatu chini ya gari, mimi na tochi na kitabu cha maelekezo. Tulimaliza kabla ya alasiri.

Tukaliendesha I-80 kuelekea magharibi, kando ya Ziwa Kuu la Chumvi, ambako hakuna mti wala kilima cha kukukinga. Upepo wa kaskazini, mkali kiasi. Lori la kwanza likatupita na nikangoja mkia. Bodi ilisukumwa, ikavutwa, ikatulia palepale lori lilipoishia. La pili vilevile. Mume wangu aliomba kuendesha, nikamwachia kiti baada ya kulipima la tatu.

Kilichobaki ni kupigapiga juu ya viungo vya lami, kule kudunda kunakoendelea mara mbili tatu baada ya shimo. Hiyo ni shokapu. Zina umri wa gari lenyewe na mbili za nyuma zimelowa mafuta. Shemeji mkubwa anajua duka linalouza zinazofaa uzito wetu, linafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Tutazifunga za nyuma kwanza, tuendeshe, kisha za mbele.